Kurudisha Gari la Mtumba Lenye Kasoro: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Kenya

Mtu akinunua gari la mtumba leo, na wiki moja baadaye gia zikaanza kugonga, jibu analolipata yadi, yaani kwenye uwanja wa kuuzia magari, huwa lile lile: gari likishatoka getini halirudi. Mara nyingi maneno hayo yameandikwa hata kwenye mkataba wa mauzo, juu kidogo ya mahali pa kutia sahihi, kwamba mnunuzi amelikagua gari, ameridhika nalo na amelichukua jinsi lilivyo. Wengi huyaamini, wakarudi kwa fundi wao na kumeza hasara kimyakimya. Sheria ya Kenya haiko hivyo. Nimefuatilia migogoro kadhaa ya namna hii iliyowapata jamaa na majirani, na nilichokiona ni kwamba kinachowaangusha wanunuzi si upungufu wa haki, bali ni siku wanazozipoteza wakipigiana simu na muuzaji bila kuandika chochote.

Haki imesimama juu ya nini

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaostahili, haki ya kupewa habari zinazohitajika kuhusu bidhaa hizo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Chini yake zipo sheria mbili ambazo mnunuzi wa gari anapaswa kuzijua kwa majina, kwa sababu atazitaja katika barua yake.

Ya kwanza ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya. Kifungu cha 15 kinataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, kwa hiyo gari lililotangazwa kuwa la mwaka 2017 na kwamba limetembea kilomita 68,000 lazima liwe hivyo kweli. Kifungu cha 16 kinaingiza ndani ya mkataba, hata kama mkataba wenyewe haukutamka, sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mtu afanyaye biashara ya bidhaa za aina hiyo iwe ya ubora unaokubalika sokoni, na kwamba ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji huku akitegemea ujuzi wake. Ukimwambia muuzaji kwamba unataka gari la kupanda kila wiki kutoka Mombasa hadi Voi likiwa na mzigo, naye akakuchagulia moja, maneno hayo yana uzito wa kisheria. Kifungu hicho hicho, hata hivyo, kina mtego: mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kioo kilichopasuka au tairi lililoisha huwezi kulirudia baadaye. Vali ndani ya gia boksi ni habari nyingine.

Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Kifungu chake cha 5 kinamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora unaokubalika, na kinabatilisha maneno yoyote, yawe ndani ya mkataba au nje yake, yanayojaribu kuiondoa au kuipunguza dhamana hiyo. Hapo ndipo lile tangazo la “jinsi lilivyo” linapopoteza meno yake. Sahihi yako chini ya maneno hayo si kitanzi, ingawa yadi itakushikia karatasi hiyo usoni kana kwamba ni hukumu ya mahakama.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 12, inataja miongoni mwa maelezo ya uongo kusema kwamba bidhaa imetumika kwa kiasi kinachotofautiana sana na ukweli. Ni kana kwamba aliyeandika kifungu hicho alikuwa ameikodolea macho odomita, yaani mita ya kilomita, iliyorudishwa nyuma. Mnunuzi aliyeingizwa kwenye mkataba kwa hila za namna hiyo anaweza kuubatilisha, kwa mujibu wa kifungu cha 16, mradi atoe notisi ndani ya mwaka 1 tangu siku ya mkataba. Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya gari bovu na gari lililosemewa uongo: la pili lina mwaka mzima, la kwanza halina muda uliotajwa kwa idadi ya siku.

Kasoro ni nini, na nini si kasoro

Gari la mtumba halipimwi kwa mizani ya gari jipya. Mahakama itatazama umri wake, kilomita zake, bei yake na maelezo yaliyotolewa wakati wa kuuza. Bushi zilizolegea katika gari la miaka 9, breki pedi zilizokaribia kwisha, betri iliyochoka au rangi iliyofifia si sababu ya kulirudisha. Vivyo hivyo kubadili nia, au kugundua kwamba gari linakunywa mafuta kuliko ulivyodhani.

Lakini gia boksi ya otomatiki inayoteleza baada ya kilomita 200, injini inayochanganya maji na oili kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua, chasi iliyokatwa na kuunganishwa baada ya ajali isiyotajwa, au mifuko ya hewa iliyokwisha kulipuka na kufunikwa kwa plastiki, hizo ni kasoro zinazogusa moyo wa mkataba. Usiyumbishwe na muuzaji atakayekuonyesha cheti cha ukaguzi kilichotolewa kabla gari halijasafirishwa kutoka Japani. Ukaguzi huo hufanywa kwa kufuata kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ambacho pia kinazuia magari yaliyozidi miaka 8, na unaeleza hali ya gari siku ile lilipokaguliwa huko; hausemi lolote kuhusu miezi liliyokaa juani yadi wala mikono iliyoligusa tangu lishuke melini.

Hatua ya kwanza: liegeshe gari siku ile ile

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamwona mnunuzi kuwa amelipokea gari rasmi anapomwambia muuzaji kwamba amelikubali, anapofanya jambo ambalo mwenye mali peke yake ndiye angelifanya, au anapokaa nalo kwa muda wa kutosha bila kusema kwamba amelikataa. Akishahesabiwa kuwa amelipokea, haki ya kulirudisha hufifia na kinachobaki ni kudai fidia. Hakuna kifungu kinachosema “siku 30” kama watu wanavyosimuliana kutoka Uingereza. Kuna muda wa kutosha tu, nao hupimwa kwa mazingira, kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huuhesabu kwa siku badala ya miezi.

Kwa hiyo, kasoro kubwa ikijitokeza, zima injini. Piga picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita, taa zilizowaka na saa. Rekodi video fupi yenye sauti ya mlio unaoulalamikia, gari likiwa baridi na likiwa limepata moto, kwa sababu kasoro nyingi za gia husikika katika hali moja tu kati ya hizo. Usilipake rangi, usiliwekee redio mpya wala filamu nyeusi za vioo, na usiliingize kwenye biashara ya teksi ili “lijilipe” huku ukisubiri majibu. Kila kilomita unayoiongeza ni hoja unayomkabidhi wakili wa upande wa pili.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza binamu yangu kuchukua gari dogo la Kijapani yadi moja jijini Nairobi. Tulipofika, boneti lilikuwa na joto. Gari lilikuwa limewashwa kabla yetu, nasi hatukujiuliza kwa nini. Usiku ule, tukiwa tumeliegesha nyumbani kwake, aliugeuza ufunguo hatua moja bila kuwasha injini. Taa ya betri iliwaka, ya oili ikawaka, ya breki na ya mkanda pia. Mahali pa taa ya injini palibaki giza tupu. Taa hiyo hupaswa kuwaka kila mara ufunguo unapofunguliwa kisha izimike injini inapoanza kufanya kazi. Isipowaka kabisa, ama balbu imekufa ama kuna mtu hakutaka uione. Asubuhi fundi aliifungua dashibodi na kukuta kipande cha utepe mweusi wa umeme, kidogo kama ukucha, kimebandikwa nyuma ya taa. Binamu yangu alikuwa amekwisha kutuma video ya ile dashibodi kwa WhatsApp ya yadi saa nne usiku, na mchana wake akapeleka barua. Alirudishiwa pesa zake siku ya tisa bila kuiona mahakama. Sidhani angezipata kama angesubiri mwisho wa mwezi.

Hatua ya pili: mjue aliyekuuzia

Hili hupuuzwa, nalo ndilo huvuruga kesi. Yadi nyingi huuza magari yao wenyewe waliyoyaagiza, lakini nyingine huyauza kwa niaba ya watu binafsi na kuchukua kamisheni. Tazama jina lililo kwenye mkataba, jina lililo kwenye stakabadhi, jina la akaunti au nambari ya malipo uliyotumia, na jina la mmiliki wa awali kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari. Yakitofautiana, andika barua kwa wote. Sheria ya 2012 inamhesabu wakala, na hata anayejionyesha kuwa muuzaji, kuwa ni msambazaji, kwa hiyo yadi haiwezi kunawa mikono kwa kusema gari lilikuwa la mteja wao.

Ukinunua moja kwa moja kwa mtu binafsi asiyefanya biashara ya magari, mambo hubadilika: sharti la ubora halimgusi, ingawa bado anawajibika kwa umiliki halali na kwa maelezo aliyoyatoa. Broka aliyewakutanisha barabarani na kutoweka na elfu 20 zake ni vigumu kumpata, na sikushauri uanze naye.

Kama umiliki wenyewe ndio wenye shaka, yaani gari limeibwa, nambari ya chasi imekwaruzwa au hati ya umiliki ni ya kughushi, acha mwongozo huu pembeni na uende kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kabla ya kumwambia muuzaji lolote.

Hatua ya tatu: pata ripoti ya mtu asiye na upande

Neno la fundi wako wa mtaani lina thamani, lakini muuzaji atasema fundi huyo ndiye aliyeliharibu gari. Lipeleke kwa winchi, si kwa kuliendesha, hadi kwa mkaguzi anayetambulika, kwa mfano Chama cha Magari cha Kenya, AA, au karakana inayojulikana kwa aina ya gari lako. Omba ripoti iliyoandikwa, yenye tarehe, kilomita, nambari ya chasi, misimbo ya hitilafu iliyosomwa na mashine, na, jambo muhimu kuliko yote, maoni ya mkaguzi kama kasoro hiyo ilikuwapo siku gari lilipokabidhiwa au imezaliwa baadaye. Bila sentensi hiyo moja, ripoti ya kurasa kumi haikusaidii sana, maana mgogoro mzima unazunguka swali hilo. Mkaguzi asifungue kitu zaidi ya kinachohitajika ili kuona tatizo, na vipuri vyovyote atakavyovitoa vitunzwe.

Kwa shaka ya odomita, tumia nambari ya chasi kutafuta karatasi ya mnada wa Japani, yaani ripoti ya hali ya gari lilipouzwa mnadani huko, na uiombe yadi nakala ya cheti cha kulitoa gari Japani, ambacho huonyesha kilomita. Ikikataa kukuonyesha, iombe kwa maandishi. Ukimya wao nao ni ushahidi wa aina yake.

Hatua ya nne: andika barua ya kulikataa gari

Hapa ndipo pa kutulia. Watu wengi hudhani kwamba kulirudisha gari ni kulivuta hadi getini mwa yadi na kuzua kelele. Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi anayelikataa gari kwa haki halazimiki kulirudisha yeye mwenyewe. Inatosha kumwarifu muuzaji kwamba amelikataa. Kinachohitajika ni taarifa isiyo na utata. “Gari linasumbua, nisaidieni” si kukataa. “Nimelikataa gari na nataka pesa zangu” ni kukataa.

Barua inaweza kuwa fupi namna hii: “Mimi ni mnunuzi wa gari lenye nambari ya usajili … na nambari ya chasi …, mliloniuzia tarehe … kwa shilingi …. Tarehe …, baada ya kilomita …, gari lilionyesha kasoro zifuatazo: …. Ripoti ya ukaguzi imeambatishwa. Kasoro hizi zilikuwapo mliponikabidhi gari, na kwa hiyo halikutimiza sharti la ubora lililo katika kifungu cha 16 cha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Kwa barua hii nalikataa gari hilo na kudai nirudishiwe shilingi … ndani ya siku 7. Gari limeegeshwa … na sitaliendesha tena.” Kama ni suala la kilomita au maelezo ya uongo, ongeza kwamba unaubatilisha mkataba kwa mujibu wa kifungu cha 16 cha Sheria ya 2012, na unukuu tangazo lenyewe neno kwa neno. Tangazo lililo mtandaoni lipige picha kabla hujatuma barua, kwa kuwa hufutwa upesi ajabu.

Ipeleke barua kwa mkono na upate mhuri au sahihi kwenye nakala yako, kisha itume pia kwa baruapepe na WhatsApp. Mazungumzo ya simu yafuatishe kwa ujumbe: “Kama tulivyozungumza leo saa tano, umeniambia kwamba …”

Hatua ya tano: yadi ikitaka kulitengeneza

Jibu la kwanza la yadi mara nyingi litakuwa kwamba fundi wao atalitazama. Si jibu baya, na kwa kasoro inayorekebishika kwa siku chache huenda likawa suluhu nzuri kuliko vita. Ubaya wake ni kwamba gari huweza kukaa kwa fundi huyo wiki sita, ukipewa ahadi za kesho, hadi ile nguvu ya kulikataa iyeyuke. Ukikubali, kubali kwa maandishi yanayotaja kitakachotengenezwa, nani atakayelipa, gari litarudi tarehe gani, na kwamba unakubali matengenezo bila kuathiri haki yako ya kulikataa gari iwapo kasoro itarudi. Unapoliacha hapo, pata karatasi iliyotiwa sahihi inayoonyesha kilomita, mafuta yaliyomo na vitu vilivyomo. Hati halisi na ufunguo wa pili baki navyo.

Gari likirudi na ugonjwa ule ule, usikubali safari ya pili.

Kuhusu mkopo: kama benki au taasisi ndogo ya fedha ndiyo iliyolipa, iarifu kwa maandishi siku hiyo hiyo, lakini usisimamishe marejesho kwa hasira. Mkataba wako na benki ni mwingine, na madalali wa kukamata mali hawasikilizi hadithi za gia boksi.

Hatua ya sita: nje ya yadi

Siku 7 zikipita bila jibu la maana, zipo njia mbili zinazoweza kwenda sambamba. Unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010 hushughulikia maelezo ya uongo na mwenendo wa kumkandamiza mtumiaji. Njia hii inafaa zaidi pale ambapo yadi ilidanganya, si pale ambapo mnabishana kuhusu chanzo cha kasoro.

Njia inayoleta pesa ni mahakama. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, nayo inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa. Huhitaji wakili, unaweza kuzungumza Kiswahili, na kanuni kali za ushahidi hazikubani. Picha na ujumbe wa simu vilete vikiwa vimechapishwa kwa mpangilio wa tarehe, pamoja na cheti kinachoeleza vilitoka kwenye kifaa gani na vilichapishwaje. Cheti hicho hutakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na ukikizoea mapema hakitakusumbua kesi ikipanda ngazi.

Hapa mnunuzi hana budi kupiga hesabu. Gari la shilingi 1,350,000 ukitaka bei yote irudi, dai limevuka kiwango, na itakubidi uende Mahakama ya Hakimu, ambako kesi ni ndefu na wakili anakuwa wa lazima kwa vitendo ingawa si kwa sheria. Ukiamua kubaki na gari na kudai gharama ya gia boksi, winchi na ripoti, tuseme shilingi 240,000, dai linaingia kwenye madai madogo bila shida. Kulipasua dai moja vipande viwili ili litoshe hakuruhusiwi. Mimi ningelirudisha gari ikiwa kasoro ni ya chasi, mafuriko au umiliki, kwa kuwa gari la namna hiyo halitengemai. Kwa kifaa kinachong'oka na kubadilishwa, ningedai gharama na kuendelea na maisha.

Siku ya kurudishiwa pesa

Yadi ikikubali, au mahakama ikiamuru, watakuomba kwanza uanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yako ya NTSA. Usianze. Pesa ziingie kwanza na uzione kwenye akaunti, kwa sababu hundi hurudi bila kulipwa. Zikishaingia, anzisha uhamisho na ufuatilie hadi upande wa pili ukubali, maana gari likibaki kwa jina lako, faini za barabarani na madai ya ajali yatakujia wewe. Siku hiyo hiyo iandikie kampuni ya bima ikatishe bima, na udai sehemu ya ada ya miezi ambayo hukuitumia.